Kwa Mwanangu Ambaye ni Baba Yangu: Habari za Wapangaji wa Tumboni

Mwanangu Baba,

Ninaandika haya kwenye meza ya sebuleni na wewe uko nje, unamwonyesha Mama jinsi ya kumfunga yule ndama mkorofi, kana kwamba Mama hajawahi kufunga ndama. Ukiingia na kuniuliza ninaandika nini, nitasema ni kazi ya shule. Nikikwambia ukweli utasema, "Leta nisome saa hii," nami siwezi kukaa mbele ya mtu anayesoma maneno yangu. Unanijua. Kwa hivyo barua hii utaisoma ukiwa Transmara, kwenye kazi yako mpya, ambapo sitauona uso wako.

Ninakuita mwanangu kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Sijui kama watu wa huko uendako wana desturi hii, kwa hivyo wakiona barua inaanza hivi na wakacheka, waeleze. Waambie kwamba nilipozaliwa, shangazi walinishika mlangoni wakaanza kuita majina ya watu wetu waliotangulia, moja baada ya jingine, na unga wa tumbaku karibu na pua yangu, wakingojea nipige chafya. Walipofika kwa jina la mama yako, Taplelei, nikapiga. Mama anasema nilipiga mara mbili, ya pili kwa kukazia. Shuleni mimi ni Chebet, lakini tangu siku ile kinywani mwako nimekuwa Mama. Mchungaji wetu akisikia hucheka tu, kwa sababu hata yeye ana mtoto anayemwita Baba.

Na hukuwa ukisema tu. Nilipolia ulikuwa unapiga magoti na kuniuliza, "Mama, nimekukosea nini tena?" Ukitoka kwenda Siongiroi kununua ng'ombe ulikuwa unasimama mlangoni na fimbo yako unaomba ruhusa. Wageni walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto asiyeweza kumsalimia mgeni bila kujificha nyuma ya mlango, na hapo kulikuwa na mtu mzima, mwenye buti na sauti ya sokoni, anayengoja neno langu. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Ninadhani ndipo nilipojifunza kwamba nina sauti, ingawa ilichukua miaka mingi kuitumia.

Sasa unaondoka nyumbani, na mzazi ambaye mtoto wake anaondoka huandika. Sitarudia mambo ya kila siku. Mama amekwisha panga dawa za asubuhi na za jioni, soksi, kadi ya kliniki, na jina la kituo cha afya kilicho karibu na ranchi. Mimi nataka kusema juu ya moyo wako na tumbo lako, na yale tuliyokosea hapa nyumbani, ili huko usianze kukosea upya.

Unaikumbuka siku ile ya soko kuliko mimi, lakini ngoja niandike nilivyoipokea. Walisema ulikuwa unamsukuma fahali apande lori, ukashika kifua, ukaketi chini penye matope, wewe ambaye hujawahi kuketi sokoni. Fahali mwenyewe alisimama akakuangalia. Walikukimbiza hadi hospitali kubwa ya Kericho na daktari akatuchorea kwenye karatasi: huu ni moyo, hii ni mishipa inayoulisha, na hapa ndani kumejengeka utando wa mafuta na uchafu mpaka njia imekuwa nyembamba. Akakupa dawa. Akasema utembee, upunguze chumvi, upunguze nyama ya mafuta. Uliitikia kila neno, "Ndio daktari, ndio daktari," kama mimi ninavyoitikia hesabu nisiyoielewa.

Kisha ukarudi nyumbani, na upendo ukaanza kuja kwa miguu minne.

Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Watu wa kanisa walileta mbuzi. Wenzako wa sokoni walileta kondoo mnene wakasema kondoo ni dawa kuliko mbuzi. Anko Kiprono, ndugu yako mdogo, alichemsha supu ya mifupa na mizizi michungu akasimama juu yako mpaka umalize, kisha akaongeza. Kwetu mtu aliyetoka hospitalini hurudishiwa nguvu, na nguvu ina mafuta juu yake. Hata jirani yetu Mama Nyaboke, ambaye anauza mboga na maharagwe sokoni na angeweza kutuletea gunia zima, aliona haya kuleta maharagwe kwa mgonjwa. Alileta kuku wawili. Ulikula kila kitu. Ungefanyaje? Mtu ametembea kutoka ng'ambo ya mashamba ya chai na mguu wa mbuzi kwenye mfuko, utamwambia daktari amekataza?

Uliporudi kliniki kifua kilikuwa kimeanza kukaza tena. Daktari akauliza unakula nini, na ukamjibu kwa fahari, "Daktari, watu wamenipenda sana."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Yule daktari aliweka kalamu chini akasema, "Mzee, wakikupenda hivi mwezi mwingine, watakuja tena, lakini watakuja na majani ya kufunika kaburi."

Ulicheka njia nzima. Mimi sikucheka, na usiku sikula.

Ndipo nikaanza kusoma. Mwalimu Kerubo, yule wetu wa Biolojia, ndiye aliyenichapishia kurasa kadhaa baada ya kuniona nimekaa peke yangu maktabani nikitafuta neno "moyo" katika kila kitabu. Nilidhani zitakuwa kurasa za moyo. Zilikuwa za utumbo. Nilirudi kumwambia amenipa kurasa zisizo zenyewe, naye akasema, "Soma kwanza, mbishi wa kimya kimya."

Nikuambie nilichoelewa, na pale nisipoelewa nitasema.

Ndani ya utumbo wetu wanaishi bakteria wengi kuliko mtu anavyoweza kuwaza. Si wagonjwa, si maadui. Ni wapangaji. Wanakula kile kinachowafikia, na wakishakula wanatoa vitu vyao, na vile vitu vinaingia katika damu yetu na kwenda mbali, mpaka kwenye moyo. Nilikuwa nikidhani chakula kinachofika kwenye moyo ni kile nilichokula mimi. Kumbe kingine ni kile walichokula wao, wakakigeuza, wakatutumia.

Katika nyama nyekundu kuna kitu kinaitwa karnitini, na kwenye kiini cha yai kuna kingine kinaitwa kolini. Mwili unavihitaji kiasi. Lakini kuna wapangaji wanaovichukua wakavigeuza kuwa gesi yenye harufu ya samaki aliyelala. Gesi hiyo inafika kwenye ini, na ini linaigeuza tena kuwa kitu chenye jina refu ambalo wanasayansi hulifupisha kwa herufi nne. Watu wenye kitu hiki kingi katika damu wameonekana kupata zaidi maradhi ya moyo na mishipa. Inaonekana kinasaidia utando ule wa daktari kujijenga, na kinafanya damu igande kwa urahisi mahali isipotakiwa. Baba, nimesema "inaonekana." Wenyewe bado wanabishana kama hicho kitu ndicho kinachoharibu mishipa, ama ni alama tu kwamba kuna kingine kimeharibika, kama figo zinazoshindwa kukitoa. Sikutaka kukupa kama jambo lililokwisha ilhali halijaisha.

Kuna wapangaji wengine. Hao wanapenda zile nyuzinyuzi za mboga, maharagwe, wimbi na mahindi ya kukobolewa kidogo, ambazo tumbo lenyewe haliwezi kuzisaga. Wakizila wanatoa asidi fupi za mafuta. Jina linatisha lakini kazi yake ni nzuri: zinalisha ngozi ya ndani ya utumbo, zinatuliza uvimbe wa mwili, na zinaonekana kusaidia presha ishuke.

Na hapa ndipo nilipoinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Wanasayansi waliona kwamba mtu aliyezoea kutokula nyama, akipewa kipande cha nyama siku moja, mwili wake hautengenezi kile kitu kingi kama mla nyama wa kila siku. Kwa nini? Kwa sababu hana wapangaji wa kukigeuza. Hakuwalisha, hawakukaa.

Nilifikiria kibuyu chetu, ile sotet ya Mama. Unajua vile maziwa ya ng'ombe mmoja yakiwekwa kwenye kibuyu chetu na kibuyu cha mke wa Anko Kiprono, mursik, yaani maziwa ya mgando, inatoka tofauti? Mama husafisha chake kwa kaa la mti wa senetwet, husugua mpaka ndani panakuwa peusi, lakini hakiui kibuyu. Wale wanaokaa kwenye kuta zake wanabaki, na maziwa mapya yakiingia yanawakuta wenyeji. Nilikuwa nimekunywa kutoka kile kibuyu maisha yangu yote bila kujua kwamba na mimi ni kibuyu.

Nilipokueleza, wewe ulipenda sana sehemu hiyo. Uliuliza, "Kwa hivyo mursik inatibu moyo?" Nilitaka sana ukurasa useme hivyo. Niliutafuta huo mstari. Haukuwepo, nikakwambia haukuwepo.

"Basi hao wanasayansi hawajafika Bomet," ukasema.

Asante kwamba ulikubali kikombe kimoja na kuendelea na dawa zako. Kuna mtu ninayemjua ambaye angetupa vidonge na kuhamia kwenye kibuyu, na angesema ni binti yake msomi aliyemwambia.

Hayo yote niliyajua, na bado nilikaa kimya wageni walipoendelea kuja. Hilo linaniuma. Niliweza kukusomea wewe jikoni, lakini mbele ya watu ulimi wangu unakuwa kama wa mtu mwingine. Nilibeba sahani za nyama mwenyewe. Niliziweka mbele yako, nikaondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kisha ikaja ile ibada ya shukrani. Bado inasimuliwa mtaani vibaya, kwa hivyo niiandike vizuri. Mlichinja fahali. Uwanja ulikuwa umejaa viti vya kanisa, na mvua ya mchana ilikuwa imetuacha, chai yote ya mteremkoni inang'aa. Mchungaji aliomba, watu wakakaa, na Anko Kiprono akaja akivuka uwanja na kidari kwenye sinia, kidari kizima kinachodondosha mafuta, akakiweka mbele yako kama zawadi ya mfalme.

"Ndugu yangu," alisema, "hiki ni chako peke yako. Kula tukuone."

Ulinyoosha mkono. Niliona uso wako. Hukuwa na hamu, Baba. Ulikuwa na aibu ya kukataa. Ni uso wangu mimi, ule ninaovaa mwalimu akiniambia nisimame nisome. Sijui miguu ilitoka wapi.

"Weka chini," nilisema.

Watu waligeuka. Anko aliniangalia kama anayeona kuku aliyeanza kuhubiri.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Ningesema Chebet, ningeambiwa nikaoshe vyombo. Nikasema, "Mimi Taplelei. Huyo ni mtoto wangu, ametoka hospitalini, na hicho kidari hatakila."

Nikasikia mafuta yakidondoka kwenye sinia. Kisha shangazi mkubwa akapiga makofi. "Eee! Leo mama yenu ameamka!"

"Lakini Mama—" Anko alianza, anacheka nusu.

"Na wewe Kiprono, si nilikuzaa pia? Kaa chini. Tumbo lako nimeliona."

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo nyumbani kwetu. Anko alikaa, kweli, kwenye kiti cha mtoto kilichokuwa karibu. "Haya Mama," alisema, "na sasa tule nini?" Nikasema kuna maharagwe na mboga ya managu jikoni, na Mama Nyaboke, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na kitambaa chake cha kichwa, akapaza sauti, "Si mngesema mapema! Mimi niko na gunia!"

Nilikwenda kujificha nyuma ya jiko. Lakini ulikuja ukanikuta pale na kikombe cha maji, hukusema mimi ni jasiri wala hukunikumbatia. Ulisema tu, "Asante, Mama. Mimi singeweza." Ninaishi na hayo maneno.

Sasa kosa langu la pili, ambalo lilikuwa baya kuliko la kunyamaza. Nilipata sauti na sikujua kuizima. Nilianza kukunusa. Ukitoka sokoni nilichukua koti lako kana kwamba ninalitundika, nikaweka pua kwenye mkono wake. Nilimwuliza Mama ulitoa wapi doa lile la mafuta. Nilisogeza sahani yako mbele ya wageni. Alhamisi moja nilipopata harufu ya moshi wa nyama choma, nilikwambia mezani, mbele ya wote, kwamba unawalisha wauaji wako. Hiyo ndiyo sentensi niliyoitumia. Nilikuwa nimeiandaa.

Uliweka kijiko chini. "Mama," ulisema, "mimi ni mtoto wako ama mfungwa wako?"

Ukatoka nje. Na baada ya hapo uliponiita uliniita Chebet, kwa upole, kama mtu anavyomwita mtoto wa jirani. Siwezi kukueleza jinsi jina langu mwenyewe lilivyoniumiza.

Nilimwambia Mwalimu Kerubo. Nilitarajia aniunge mkono, kwa sababu kurasa zilikuwa zake. Aliuliza, "Umesoma mpaka mwisho?" Nikasema ndio. "Basi ile sehemu ya wapangaji kubadilika uliifungia macho." Akaniambia kwamba tumbo halina kesi ya siku moja. Wapangaji hubadilika kufuata kile kinachowafikia mara kwa mara, si kile kipande kimoja cha Alhamisi. Mtu anayekula mboga na maharagwe siku nyingi na kuonja nyama siku moja hawezi kuwekwa pamoja na yule wa nyama kila jioni. Halafu akasema jambo ambalo halikuwa la Biolojia: "Mtu akikuogopa atakula gizani, Chebet. Na wewe hutajua anakula nini tena."

Nikielekea nyumbani nilikukuta kwenye kituo cha kununua chai, unamsaidia Mama kumwaga majani, ukitembea polepole kama daktari alivyosema. Nilikuomba msamaha pale pale, sauti ndogo, mizani ikipiga kelele. Na wewe ukaniambia siku ile ulikula nyuma ya bucha, umesimama, umegeukia ukuta, haraka kama mwizi. "Hata ladha sikuisikia," ulisema. "Ni heri ningekula maharagwe nimekaa." Tulicheka mpaka karani akatuuliza kuna nini.

Ni baada ya hapo ndipo ulianza kweli, na ninataka kukushukuru kwa hayo majuma, kwa sababu hakuna aliyekupigia makofi. Hakuna anayefanya ibada ya shukrani kwa mtu aliyekula managu. Ulikula githeri mpaka ukajua ni maharagwe gani hupikika upesi. Ulimwambia Mama asikoboe mahindi sana. Uliomba kimyet, ugali wa wimbi, ule mweusi uliokuwa ukiuita wa wazee. Na kwanza tumbo lilikukasirikia! Unakumbuka kanisani, wakati wa maombi ya kimya? Safu nzima ilisikia. Mama aliangalia paa. Wewe uliniinamia ukanong'ona, "Hao wapangaji wako wameanza kuhamisha vitanda."

Nilikueleza kwamba wanapokula nyuzinyuzi wanatoa gesi pia, na kwamba mtu akiongeza polepole tumbo huzoea. Ukasema, "Waambie wazoee kabla ya Jumapili." Na walizoea, kiasi. Kifua kikaacha kukaza ukipanda mteremko wa kwa Mama Nyaboke. Daktari alipima presha mara mbili kwa sababu hakuamini ya kwanza. Sitasema ni maharagwe. Ni dawa, ni kutembea, ni kulala, na ni maharagwe, na siwezi kuvitenganisha. Hata wale walioandika zile kurasa hawawezi kukupima wewe peke yako wakasema ni hiki. Lakini ulifanya vyote, na ulivifanya ukiwa mtu anayeuza ng'ombe, ambaye kila anayempa mkono ananuka choma.

Nikuambie pia kitu nilichojifunza kwa kukuangalia. Nilipoanza kusoma nilitaka kujua adui ni nani. Nilifikiri nikipata jina lake tutamshinda. Sasa ninaona ni afadhali kujua unamlisha nani. Hofu yangu niliilisha muda mrefu na ikanona. Wewe ulikuwa ukinilisha kitu kingine: magazeti ya kufungia sukari uliyokunjua na kuniletea kwa sababu yalikuwa na maandishi, ile taa ya sola uliyonunua badala ya viatu, ile tabia yako ya kusema mbele ya watu, "Ngoja tumwulize Mama, yeye amesoma." Ulikuwa ukifanya hivyo hata nilipokuwa nasoma hadithi za sungura. Ninataka kusoma mambo haya chuoni, Baba. Pale Kabianga au popote watakaponichukua. Ni wewe wa kwanza kuambiwa.

Sasa Transmara. Wiki nzima nimejifanya sina neno. Ninafurahi kwamba umepata kazi ya kukaa, ya kuangalia fahali wa mtu na kuandika waliokuja na waliotoka, bila kusukuma mnyama yeyote. Daktari amekubali. Ninajua tunahitaji kazi hiyo. Lakini pia ninajua wachungaji wa ranchi wanakula nini jioni, na ninajua wewe ni mtu wa namna gani ukikaribishwa. Huko hakuna shangazi wa kupiga makofi. Hakuna anayejua kwamba nilipiga chafya. Watakuletea kidari wakisema, karibu mzee wetu mpya, nawe utavaa ule uso. Hicho ndicho kitu kimoja ninachokiogopa. Dawa hutasahau. Ni aibu ninayoiogopa.

Hapa nilikuwa nimeandika nusu ukurasa. Nilikuwa nimekuandikia maneno ya kusema: waambie mama yako amekataza, waambie mama yako ni mkali, waambie anapiga simu kila jioni. Nilidhani ni hekima, kukukopesha kinywa changu kwa sababu chako kinaona haya.

Lakini umekuja kusimama chini ya dirisha na simu yako imewekwa sauti kubwa, vile unavyofanya, kijiji kizima kinasikiliza. Nimeacha kalamu. Naandika nilichosikia.

"Halo, mpishi! Ni mimi, yule mzee wa Bomet. Nakuja kesho."

"Karibu sana mzee! Tumekufungia mbuzi hapa, anakungoja."

"Asante, asante. Huyo kuleni nyinyi, mimi nitaonja tu. Niko na moyo mgonjwa. Nyama ni siku moja moja. Maharagwe mnapika?"

"Maharagwe? Mzee, hapa si sekondari!"

Ulicheka. Mimi pia, na mkono mdomoni.

"Basi nakuja na yangu. Wewe nionyeshe tu sufuria iko wapi."

"Sawa, lakini watu watashangaa. Ni daktari amekukataza?"

"Alisema nipunguze. Kukataza, hapana."

"Aah, basi ni mama watoto. Hao najua."

"Hapana, si yeye."

Nilijua litakalofuata. Nilijua utasema ni mama yako, na mpishi atauliza ana miaka mingapi, nawe utaeleza, na mtacheka, na itakuwa utani, na utani huchoka ukifika jioni ya tatu. Nilikuwa nimekaa na nusu ukurasa wangu nikingoja kusikia jina langu.

"Ni mimi nimekataa," ulisema.

Kisha ukamwuliza kama mvua imefika huko, na kama barabara inapitika.

Nimeukata ule nusu ukurasa. Nimepiga mstari mmoja mrefu juu yake, na nimenakili mengine ya ukurasa huo upya ili usiuone. Sasa unagonga viatu mlangoni kutoa matope na lazima nifiche karatasi. Nilipoanza kuandika nilikuwa na hofu ya mzazi, ile isiyolala, inayofikiri bila yenyewe dunia itaanguka. Sasa imebaki ndogo, kiasi cha hofu ya mtoto yeyote ambaye baba yake anasafiri asubuhi. Hiyo ninaweza kuibeba mpaka shule ifungwe na urudi.

Asante, Baba.

Binti yako,
Chebet